Kizazi cha Mchakamchaka

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya 1970 hatukufundishwa mazoezi, tulikimbizwa. Umande haujakauka, mwalimu wa zamu keshagonga kengele, na watoto pekupeku wanatoka uwanjani kwa mchakamchaka, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia kwa sauti na kwa miguu. Baada ya hapo ufagio, ndoo, shamba la shule, ndipo hesabu. Jioni jembe la nyumbani. Hakuna aliyeyaita mambo hayo afya. Aliyechelewa alichapwa, kwa hiyo tulikimbia.

Siyapaki asali. Vijana wa hapa kwetu Ndalambo wakikaa na wazee huambiwa kwamba zamani watu walikuwa na nguvu, nasi tunauacha uongo huo utembee kwa sababu unatupendeza. Wengi tulikimbia na njaa. Lakini mtoto wa darasa la pili alijua pumzi yake inaishia wapi, na kijiji kizima kilijua nani ana mbio. Mwaka 1974 ilipotangazwa redioni kwamba Filbert Bayi ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, mtu kukimbia hatukuliona jambo la ajabu. Ajabu yetu ilikuwa kwamba wako watu kazi yao ni kupima.

Wapimaji hao baadaye walifika Afrika Mashariki, na safari hii hawakutaka wanariadha. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Walitembezwa juu ya mkanda unaozunguka huku wamejitwika mizigo, na oksijeni wanayotumia ikapimwa. Ikaonekana kwamba mzigo wa kichwani usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauongezi nguvu zinazotumika kutembea. Mwaka 1995 utafiti mwingine ukaeleza siri yenyewe: mwili wa mbebaji hubembea vizuri zaidi, nguvu ya hatua moja ikiisaidia ile inayofuata, ili kidogo tu ipotee njiani.

Nilipoisikia habari hii nilifurahi, kisha nikapiga hesabu, maana ualimu hauishi mtu akistaafu. Asilimia 20 ya mama wa kilo 60 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kilo 12 za kwanza anabeba bure. Zinazobaki analipa, na watafiti wenyewe walionyesha kwamba ukipita kiwango kile gharama inapanda. Kuhusu shingo utafiti ule haukuuliza. Haikuwa kazi yake, sawa. Ila ungewaita wanawake wa huku kwetu wachague swali la kupelekwa maabara, nadhani nishati isingetajwa kabla ya shingo na magoti, na wapo ambao wangeuliza bomba linafika lini.

Ndipo ninapoona kasoro ya elimu hii ya mwendo wa mwili, ambayo naiheshimu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaotembea siku nzima kuwinda na kuchimba mizizi, kwamba ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani na ya watu wa Ulaya na Marekani. Matokeo hayo yaliwatikisa wataalamu wa unene huko ng'ambo. Swali lilikuwa la ng'ambo na jibu likaenda huko huko.

Maswali ya huku kwetu ni mengine. Kizazi kilichotufuata sisi wa mchakamchaka kilipata hasara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, ikidaiwa kwamba yanakula muda wa masomo. Serikali ya Awamu ya Nne ikayarudisha. Likaja somo la Haiba na Michezo, jina zuri, lakini halikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na kila mwalimu anajua kipindi kisicho na mtihani huishia wapi: hisabati hukimeza. Watoto wa miaka ile leo ndio baba na mama wa watoto wa shule. Wengine wako kwenye bodaboda, wakisubiri abiria pembeni ya lami ya Tunduma kwenda Sumbawanga, wameketi tangu asubuhi mpaka giza. Wanalalamika kiuno, na umri wao haujafika 40. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwenye jembe huzimaliza Jumanne. Mwenye pikipiki atazipata wapi? Na binti aliyekuwa mshambuliaji wa netiboli akimaliza shule, nani atampa mpira tena?

Maswali kama hayo hatupati nafasi ya kuyatoa. Mtafiti wa afya akija kwetu huwa na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ametoka nje ya nchi, pia cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Anapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji. Wananchi tunamwona mwishoni, maswali yameshachapwa, tunapewa fomu ya ridhaa tuweke sahihi au dole gumba. Huko si kushirikishwa. Ni kuarifiwa kwa adabu. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, unakaa kila baada ya miezi mitatu. Wanafunzi wa elimu ya viungo kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo cha Michezo Malya wangeweza kuja hapo mikono mitupu, waulize wasichana kwa nini waliacha kucheza na madereva kiuno kinauma saa ngapi, ndipo waende kuandika. Matokeo yasomwe kwenye mkutano huo huo, kwa Kiswahili, na anayepinga apewe nafasi.

Ila wasije Januari. Tunapalilia, watakuta wazee na kuku. Waje Julai, mahindi yakiwa yamepukuchuliwa.