Malaba na Busia: Njia Huhama

Juma lililopita kazi ilinipeleka mpakani mwa Kenya na Uganda. Njiani nilipitia Mumias, mji ambao zamani ulikuwa mlango wa Uganda. Misafara kutoka pwani ilitua mizigo kwa Nabongo Mumia, ikapumzisha wapagazi na kununua vyakula, kisha ikashika njia ya Busoga na Buganda. Bibi zetu wa kale walipata shanga na nguo kwa vikapu vya mtama.

Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mizigo ikavuka ziwa kwa meli, na misafara ikafifia. Mwaka 1920 makao ya serikali nayo yalihamishiwa Kakamega. Reli nyingine, iliyopitia Eldoret na Malaba, ilifika Kampala mwaka 1931. Nayo pia iliiacha Mumias kando.

Huko Malaba niliiona reli hiyo, lakini kando yake malori yalijipanga safu ndefu. Busia haina reli kabisa, hata hivyo biashara imejaa tele kwa sababu ya barabara. Mama mmoja auzaye chakula kwa madereva aliniambia, “Mwanangu, lori likisimama, nasi tunakula.”

Nilicheka naye, lakini moyoni niliwakumbuka wale bibi wa Mumias. Msafara wao haukurudi tena. Ndugu wasomaji, tufanye biashara na wapitao, ila jembe tusilitupe. Njia huhama, shamba halihami.