Sapu moja, fainali nne

Haya wadau, matokeo yametoka: nimepata sapu ya Saikolojia ya Elimu. Jana nimelala bila kula.

Usiku nikamkumbuka Jim Kelly, kwotabeki wa Buffalo Bills, yaani yule anayeongoza mashambulizi kwenye futiboli ya Marekani. Alipoteza fainali nne za Super Bowl mfululizo, 1991 hadi 1994. Ya kwanza kwa pointi moja tu, 20-19! Kombe hakulipata mpaka anastaafu. Lakini hakuna timu nyingine iliyowahi kufika fainali nne mfululizo, na mwaka 2002 akaingizwa kwenye Jumba la Magwiji.

Mwalimu mtarajiwa mimi, nilitaka kujihukumu kwa mtihani mmoja? Ngoja niende maktaba. Tuombeane jamani.