Hakuna Aliyenijia kwa Ajili ya Harusi

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Ndalu. Kazi yangu kubwa ni mipaka ya mashamba, urithi, matunzo ya watoto na kufuatilia watu walio seli. Kati ya wanaonijia wapo wapenzi wa jinsia moja, na bado sijapata hata mmoja aliyeniuliza habari za ndoa. Wanachouliza ni hiki: "Simu yangu iko kwa afande, nitaipataje?"

Huko nje mnajadili harusi. Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Kusajili shirika, basi. Siku chache baadaye, katika baraza lililoitwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, mzee mmoja akasimama na kuuliza wanaume wataanza lini kuoana hapa kwetu. Mbolea ikasahaulika. Nikaeleza kwamba Ibara ya 45 ya Katiba inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hivyo hivyo, na kwamba kesi ile haikugusa ndoa. Wakanipigia makofi, halafu wakarudi kwenye harusi.

Siwalaumu sana wazee, maana hata mahakama iliteleza hapo hapo. Mei 24, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Walioshtaki walisema wazi kwamba hawaombi ndoa. Majaji wakajibu kwamba kufuta vifungu hivyo kungefungua mlango wa kuishi pamoja kinyume na Ibara ya 45. Haki za faragha na heshima zikamezwa na harusi ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa niwaambie vifungu hivyo hufanya kazi gani huku. Kifungu cha 162 kinabeba jela miaka 14. Mnadhani kazi yake iko kortini? Afande anajua hana ushahidi. Tangu Machi 2018, Mahakama ya Rufaa kule Mombasa ilipokataza kumpima mtu sehemu za siri kwa nguvu, ushahidi umekuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo kesi haifunguliwi. Kinachotumika ni ile miaka 14 kutajwa kwa sauti.

Mwendesha boda mmoja alikamatwa Ijumaa jioni. Polisi wanapenda Ijumaa: Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini korti ikiwa imefungwa, unangoja hadi Jumatatu. Nilipofika nikaomba nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Haikuwepo. Kwenye kitabu, kijana yule hakuwahi kukamatwa. Simu yake ilikuwa imefunguliwa, ujumbe umesomwa, na nambari ya mama yake imeandikwa kwenye kiganja cha afande. Familia ikachanga, pesa zikatumwa kwa M-Pesa kwa wakala ambaye hakuna aliyemjua, akaachiliwa Jumapili. Nilitaka tulalamike. Akasema, "Mzee, nikilalamika, mama atajua."

Wanawake wawili waliokodi chumba pamoja walitishwa na mwenye ploti kwa kifungu cha 165. Kifungu hicho kinataja wanaume peke yao. Nilimsomea mwenye ploti neno kwa neno. Akasikiliza kwa adabu, kesho yake akaweka kufuli.

Mwingine alipigwa na vijana sokoni hadi mkono ukavunjika. Alipokwenda kuripoti, aliulizwa yeye ni mwanamume wa aina gani. Aliondoka bila P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na bila P3 kesi ya kupigwa husimama kwa shida. Waliompiga nawaona karibu kila siku.

Jambo moja la pembeni. Majirani zetu Wanandi wana desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba ipate mrithi. Si mapenzi, ni urithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya Katam. Siku hizi ndugu wenye tamaa ya shamba wanaongea juu ya kina mama hao kama wanaongea juu ya mashoga. Kelele za harusi zimewafikia hata wao.

Mimi ni mshirika wa kanisa la Friends, na ya kanisani tutayamaliza kanisani. Ila ukimjua mtu aliyekamatwa, kwa kosa lolote, nenda ukaulize nambari ya OB kabla hujauliza amefanya nini. Usitume pesa kwa mtu yeyote: dhamana ya polisi hailipiwi, na ya pesa taslimu ina risiti.