Programu Huria na Mkono wa Katibu Muhtasi

Kila panapozungumzwa kuhamisha ofisi za umma kutoka programu za leseni ya kulipia kwenda programu huria, mjadala huanzia kwenye fedha na kuishia kwenye fedha. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimefundisha huku nikitegemea kazi ya makatibu muhtasi na watunza masjala, naona tunaanza pasipostahili. Swali la kwanza ni la mtu: yule ambaye mkono wake umezoea kitufe fulani mahali fulani, na ambaye heshima yake kazini imejengwa juu ya wepesi wa mkono huo.

Tutazame Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la jiji la Munich liliamua kuachana na Windows. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alisafiri mwenyewe kwenda kumshawishi meya Christian Ude, asifanikiwe. Kufikia mwaka 2013, kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zikitumia LiMux, mfumo wa jiji uliojengwa juu ya Linux. Lakini mwaka 2017 baraza likapiga kura kurejea Windows. Wapo wanaohitimisha kwamba programu huria zilishindwa. Sikubaliani nao. Meya alikuwa amekwishabadilika, na malalamiko ya watumishi, hata yale yasiyohusu Linux, yalitupiwa LiMux. Kilichoyumba ni utashi wa wakubwa na subira ya watumiaji.

Ufaransa walipita njia nyingine. Gendarmerie, jeshi lao la ulinzi wa raia, lilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za ofisi tu na kuweka OpenOffice, huku Windows ikibaki. Zikafuata Firefox na Thunderbird. Ni mwaka 2008 ndipo walipoanza kuuondoa mfumo endeshi wenyewe na kuweka Ubuntu. Askari aliyewasha kompyuta mpya alikuta programu alizokwisha kuzizoea. Leo mfumo huo uko kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta zao.

Nasi hatukuwa watazamaji. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hata hivyo, katika ofisi nyingi nilizoingia tangu wakati huo nimekuta nakala zisizo na leseni, zilizojaa virusi, na mtumishi anayeomba kimoyomoyo kompyuta isizime kabla barua haijachapwa. Huo nao ni uhuru wa namna gani?

Niliwahi kumsindikiza mhitimu aliyehitaji nakala ya matokeo yake ili awahi usaili wa kazi. Alama zake zilikuwapo, ila zilifungwa ndani ya programu ambayo leseni yake ilikuwa imekwisha, na aliyeiuza ndiye pekee aliyeweza kuifungua. Usaili ukapita. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mafundi na kuwa la kiraia: kumbukumbu za wananchi zikihifadhiwa kwa namna ambayo mwuzaji pekee anaweza kuzisoma, dola imempa ufunguo wa masjala yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, tuanze na nyaraka zenyewe. Muundo wa ODF, ambao yeyote anaweza kuusoma na kuutengenezea programu, umekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006. Zifuate programu za ofisi, na mfumo endeshi uje mwisho. Na kabla ya yote, katibu muhtasi aitwe mezani mapema, alipwe posho ya mafunzo kama wanavyolipwa wakuu wake, violezo vya barua vitengenezwe pamoja naye, kisha yeye awe mwalimu wa wenzake. Waraka wa kuamuru mageuzi huandikwa kwa siku moja. Yeye ndiye atakayeishi nayo kila asubuhi.