Kuongoza Roboti Kubwa mjini Goma

Roboti kubwa ya mchezo wa video haiongozwi kama gari. Gari likikata kushoto, dereva naye hutazama kushoto, na mambo yake yote humalizwa na usukani, mafuta na breki. Roboti ya vita ina miguu inayokwenda upande mmoja na kifua kinachogeukia upande mwingine. Mwendo wake hupangwa mara moja ukaachwa hivyo hivyo, silaha zake hulenga juu au chini bila kungoja miguu, na kila risasi inapotoka joto la mitambo hupanda na linataka kuchungwa. Rubani wake basi ana mambo manne au matano ya kuyabadilisha kwa wakati mmoja, tena kidogo kidogo, si kwa kuwasha na kuzima tu. Hapo ndipo swali la vifaa linapoanza: kitufe cha kibodi hakijui "kidogo".

Wakongomani wana mfano wa kuutazama barabarani. Roboti za kuongoza magari zilizosimikwa Kinshasa mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake, hazina pa kwenda; miguu imesimama palepale, ila kifua kinazunguka na mikono inanyooka kuzuia upande huu na kuruhusu ule. Aliyeziona, hata kwenye runinga, ameshaelewa nusu ya mchezo. Nusu ya pili ni kuipa miguu hiyo ruhusa ya kutembea huku kifua kikiendelea na kazi yake.

Mahali ambapo michezo hii ilianzia, vifaa vilitengenezwa kwanza na mchezo ukafuata. Chicago mwaka 1990 palifunguliwa ukumbi wa BattleTech, ambamo kila mchezaji alijifungia katika kibanda chenye fimbo, wenzo wa mwendo na vikanyagio. Mwaka 1995 MechWarrior 2 ikaupeleka mchezo wa namna hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani, na mwaka huo huo Sega ikatoa Virtual-On, mashine ya ukumbini yenye fimbo mbili zilizo sawa, moja kwa kila mkono. Kilele kilikuwa Steel Battalion ya Capcom, iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya Xbox: meza nzima ya vitufe vipatavyo 40, fimbo mbili, vikanyagio vitatu, na kitufe cha kujiokoa kilichofunikwa kwa kifuniko. Rubani asiyekibonyeza kwa wakati roboti yake inapolipuka alifutiwa kila alichokuwa amehifadhi.

Mwaka huo wa 2002 Goma ilikuwa na mambo mengine. Tarehe 17 Januari volkeno ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege na maduka ya biashara. Mji ulijengwa upya juu ya mawe yaliyopoa, na kumbi za michezo zikarudi pamoja na maduka: chumba cha mbao, runinga mbili tatu, mabenchi, na PlayStation zilizokwisha kutumiwa kwingine kabla ya kuvuka mpaka. Waliokuwa vijana katika mtaa wa Birere miaka hiyo wanakumbuka kwamba karibu kila kitu kilikuwa mpira. Diski ya roboti ilikuwa ya kubahatisha, ilikuja katika rundo la diski za kunakili, na mwenye ukumbi hakuipenda kwa sababu mechi ya mpira inajulikana inapoisha na faranga zinapodaiwa, ilhali roboti hutembea nusu saa inatafuta adui.

Kifaa kilikuwa kimoja tu: manete, yaani kidhibiti cha kushika mikononi. Manete ya kwanza ya PlayStation haikuwa na vijiti vya dole gumba; hivyo vilikuja mwaka 1997 na Dual Analog, kisha DualShock, mwaka uleule ilipotoka Armored Core ya FromSoftware. Kwa hiyo mchezo huo ulipangwa kwa vitufe vitupu. Msalaba wa kushoto ulitembeza na kugeuza roboti, vitufe vya kulia vilipiga na kurusha, na vile vinne vya begani viligawanywa: viwili vya kuteleza ubavuni, viwili vya kutazama juu na chini. Kumfuata adui anayeruka kulitaka vidole vyote kumi, na wengi waliishia kukunja kidole cha shahada juu ya vitufe vya kulia kama ukucha wa mwewe ili dole gumba libaki na kazi nyingine. Ajabu ni kwamba FromSoftware haikuvikabidhi vijiti viwili kazi hiyo mpaka Armored Core: Nexus ya mwaka 2004, wakati PlayStation 2 yenye vijiti viwili ilikuwa na miaka minne sokoni. Waliokwisha kuzoea ukucha hawakuona haja ya kubadili.

Umeme ulichagua vifaa kabla ya mchezaji. PlayStation ya soko la Japani hutaka volti 100. Ikichomekwa Goma kwenye volti 220 bila transfoma, hufa siku hiyo hiyo, na mara nyingi harufu hutangulia moshi. Iliyonusurika huweza kutoa picha nyeusi na nyeupe, kwa kuwa mfumo wa rangi wa Japani na ule wa runinga za huku haukuwa mmoja. Aliyenunua alijifunza kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya mashine kabla ya kutoa pesa, na desturi hiyo imebaki.

Manete nazo zilikuwa na maradhi yao. Chembe nyeusi za lava, kali kama kioo kilichosagwa, huingia chini ya kijiti na kula plastiki mpaka kijiti hakirudi katikati. Katika mpira kosa hilo humfanya mchezaji mmoja akimbie ovyo. Katika roboti kifua kizima huzunguka polepole bila kuguswa. Ugonjwa wa pili ulikuwa wa DualShock 2: vitufe vinajibonyeza vyenyewe. Fundi akifungua hukuta utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, uliobanwa dhidi ya ubao kwa kipande cha sponji. Sponji ikichoka, utepe haugusi sawasawa. Dawa haikuwa kununua nyingine bali kukata kipande cha kandambili kuukuu, unene wa ukucha, kukiweka mahali pa sponji na kufunga skurubu. "Papa, imepona!" ndilo lililofuata, na aliyekuwa anadai kurudishiwa faranga zake akarudi benchini.

Kompyuta zilileta njia ya pili. Zile zilizokwisha kutumika Ulaya zilifika zikiwa na tundu la pini 15 nyuma ya kadi ya sauti, na wachache walijua ni la nini. Lilikuwa la fimbo ya kuongozea. Mwenye kuipata fimbo ya zama hizo alipaswa kwanza kuisawazisha: kuiachia katikati, kuizungusha mpaka kwenye pembe zote, kuiachia tena. Ndani yake mlikuwa na vipinzani vya kuzunguka, ambavyo huchubuka vinapokwanguliwa na vumbi, hivyo usawazishaji wa jana haukufaa leo. Windows Vista ya mwaka 2007 iliacha kulitambua tundu hilo. Fimbo nyingi nzima zikawa mapambo, na tangu hapo kila kitu ni yuesibii.

Kwa anayechagua leo, swali la kwanza si fimbo ipi bali mchezo upi. Armored Core VI ya mwaka 2023 imetengenezwa kwa manete, roboti yake huruka na kugeuka upesi mno, na anayeifungia fimbo mbili anajitesa bure. MechWarrior 5 ya mwaka 2019 ni kinyume chake: roboti ni nzito, huchukua muda kugeuka, na hapo vifaa vingi vina maana. Kwa mchezo huo fimbo moja ya mkono wa kulia yenye kujisokota, kama Logitech Extreme 3D Pro, inatosha kuanzia. Kusukuma na kuvuta hulenga juu na chini, kulaza ubavuni hugeuza kifua, kusokota hugeuza miguu, na wenzo mdogo wa chini hupanga mwendo. Udhaifu wake ni kwamba mkono mmoja unafanya yote. Kila anayesokota hulaza kidogo bila kutaka, na shabaha hupotea.

Ndiyo maana mpangilio wa fimbo mbili unapendwa na wanaokaa na mchezo miaka. Ya kushoto hubeba miguu na mwendo, ya kulia kifua na silaha. Fimbo nyingi zimechongwa kwa mkono wa kulia tu, lakini Thrustmaster T.16000M ina vipande vya mpini vinavyobadilishwa ili ikae vizuri hata kushoto. Tena kulaza na kusukuma kwake hakutumii vipinzani vya kukwanguana: ndani kuna sumaku na kihisi visivyogusana, na kwa mji wenye vumbi la Goma hilo ni muhimu kuliko idadi ya vitufe inayotangazwa kwenye boksi. Vikanyagio huja mwisho, mfuko ukiruhusu. Kazi yake ni kuichukua miguu ya roboti kutoka mikononi na kuiweka kwenye miguu ya mtu.

Kufunga ni kazi ya seremala kabla ya kuwa ya kompyuta. Fimbo iliyowekwa tu juu ya meza huteleza katika vita vya kwanza. Mbao mbili zilizopigiliwa pembeni mwa kiti, usawa wa kiwiko kilichokunjwa, huzidi meza yoyote, na skurubu nne huzidi gundi. Vikanyagio huwekewa ubao wa kuzuia nyuma, la sivyo husogea mpaka ukutani.

Ndipo zifuate programu. MechWarrior 5 haitambui kila kifaa yenyewe. Husoma faili la maandishi ambamo kila fimbo hutajwa kwa namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kisha kila mwelekeo hupewa kazi yake. Herufi moja ikikosewa, fimbo haisikii kitu. Baada ya hapo hupangwa eneo la kati lisilo na athari. Kwenye fimbo ya sumaku huwa dogo sana, kwenye ya vipinzani huwa kubwa zaidi ili kuficha uchakavu. Mwitikio nao hulainishwa karibu na katikati, ili shabaha ya mbali isiruke. Kugeuza miguu hakuhitaji ulaini huo. Wengi hugeuza pia shabaha, juu ikawa chini, na ubishi wa nani yuko sahihi hauna mwisho kumbini.

Mambo ya umeme hayajatoweka. Bwawa la Matebe huko Rutshuru, la kampuni ya umeme ya Virunga Energies, lilianza kazi mwaka 2015 likiwa na megawati 13 hivi, na baadaye nyaya zake zikafika Goma, mji uliokuwa ukitegemea zaidi mabwawa ya mto Ruzizi. Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea laptopu yenye betri kuliko kompyuta ya mezani, na fimbo zisizohitaji umeme wa kando. Zikiwa mbili pamoja na vikanyagio, kigawanyio cha bei ya chini cha yuesibii hulemewa na kifaa kimoja hujizima katikati ya vita. Ni afadhali kila fimbo ipate tundu lake kwenye laptopu, na kigawanyio kiachiwe kipanya.