Kijikaratasi kilicholetwa baada ya Alasiri

Kijana huyu nitamwita ndugu yangu. Jina lake si la kuandikwa gazetini, na baadhi ya mambo yake nimeyabadili kwa makusudi, asije akatambulika hata na jirani yake wa kizimba.

Alikuja baada ya Swala ya Alasiri, waumini wakiwa wamekwisha kutawanyika kurudi madukani. Alinikuta katika chumba kidogo cha nyuma ninamotunzia daftari la ndoa na vitabu vya michango. Akafunga mlango, akatoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakiweka mezani. Kilitoka kliniki ya wajawazito. Mkewe, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa amepimwa damu akakutwa na kaswende, na mwuguzi alimtaka mume naye afike.

"Ustadhi," akasema, "nimekuja uniandikie talaka."

Nilimwomba aketi. Nje, wasukuma mikokoteni walikuwa wakipigiana kelele kama ilivyo ada ya Kariakoo jioni, na kwa kitambo hatukusikia kingine. Kisha nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupata kidonda sehemu za siri. Alinyamaza. Hatimaye akasema ndiyo, miezi michache kabla ya nikaha. Kilikuwa kidonda kimoja kisichouma. Alikwenda duka la dawa, akaeleza kwa mafumbo, akauziwa vidonge vya rangi mbili, akanywa siku tatu. Kidonda kilikauka. Alimshukuru Mwenyezi Mungu, akatubia kwa lililopita, akasahau.

Ndoa ile niliiandika mimi. Na kuna jambo ambalo kijana hakulijua: siku ya kupanga mahari, baba mdogo wa binti aliuliza kwa adabu kama vijana wangeweza kwenda kupimwa kwanza. Upande wa mwanamume ulinuna. Nami, kwa kutaka mambo yaishe kwa salama, nikasema, "Mzee, huyu kijana tunamfahamu. Alfajiri yuko safu ya kwanza." Watu wakacheka, halua ikapitishwa, na mzee wa watu akaona haya kuendelea. Nilidhani nimeokoa shughuli.

Vijidudu vya kaswende havijui safu ya kwanza wala ya mwisho. Hii ndiyo hila ya maradhi haya: kidonda chake aghalabu hakina maumivu, na baada ya wiki tatu hadi sita hupona chenyewe, mtu ametumia dawa au hakutumia. Wengine hutokwa vipele baadaye, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Ugonjwa hubaki ndani ya damu kwa miaka, waweza kufika kwenye moyo na ubongo, na kwa mjamzito humpitia mama ukamfikia mtoto, akazaliwa mfu au mgonjwa. Wanawake wangapi katika mitaa yetu wameharibikiwa na mimba, tukawasomea, tukasema ni jini, na damu yao haijapimwa hata mara moja? Sipingi kusoma ruqya, nami huisoma. Lakini kisomo hakimkatazi mtu kwenda maabara.

Kaswende si peke yake. Kisonono humwonyesha mwanamume usaha na maumivu ya mkojo, ilhali kwa mwanamke mara nyingi hakisemi kitu. Klamidia ni mwizi wa kimya zaidi: wengi hawana dalili yoyote, na kwa wanawake huweza kuziba mirija ya uzazi, kisha mke akaitwa tasa na mume akaoa wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila siku watu zaidi ya milioni moja duniani huambukizwa mojawapo ya manne yanayotibika, yaani hayo matatu pamoja na trikomona. Yanatibika. Neno hilo nililirudia mara tatu mbele ya kijana yule. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, moja kwa ugonjwa mchanga, tatu za kila wiki kwa uliokaa muda mrefu. Vidonge vya kukisia vya siku tatu havitibu. Zaidi ya hayo, dawa za nusu dozi zimekwisha kukifanya kisonono kuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizokuwa zikikimaliza zamani.

Tukarudi kwenye talaka. Nilimkumbusha tuliyosomeshwa chuoni kuhusu kadhfu: kumtuhumu mwanamke aliyehifadhika kwa zinaa bila mashahidi wanne ni dhambi kubwa yenye adhabu yake, na jibu la maabara si shahidi. Kipimo husema kuna ugonjwa. Hakisemi nani aliuanza. Na pale mezani, kati yetu wawili, mwenye kidonda alikuwa yeye. Alilia. Sikuwa na la kumtuliza, maana nami nilikuwa na deni langu.

Alinijibu kwamba alificha kwa sababu Uislamu umetufundisha kusitiri aibu. Ni kweli, mja haamrishwi kutangaza dhambi aliyokwisha kuitubia. Lakini dhambi ni jambo moja na ugonjwa ni jingine. Wafanyabiashara wa nafaka wanaifahamu habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta chini yake kumelowa. Muuzaji alidai mvua imenyesha. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, akaikemea ghushi ile kwa maneno makali. Ikiwa hivyo ndivyo kwa gunia la nafaka, itakuwaje kwa mwili unaokabidhiwa kwa mke? Waliotutangulia hawakuona haya mahali pasipo haya: Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume mbele ya wengine kuhusu janaba ya mwanamke, na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa kutozuiwa na haya kujifunza dini yao. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Abu Dhabi mwaka 1995 lilijadili UKIMWI waziwazi, likampa mwanandoa aliye mzima haki ya kuomba kutengana na mwenzake mwenye maambukizi. Haki hiyo ina maana gani kwa mtu asiyejua?

Wako watakaosema magonjwa haya ni habari za wazinifu. Mtoto aliyezaliwa na kaswende kazini na nani? Homa ya ini aina ya B hupita kwa mama wakati wa kujifungua, na kwa wembe uliotumika kwa mtu mwingine, wakiwemo wembe wa hijama (mafundi wetu wa hijama wanisamehe, lakini kila mtu apewe wembe wake).

Na jambo hili liko karibu nasi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, watafiti walichukua jamii 12 za vijijini, wakaboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za nusu yake. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kuwa maambukizi mapya ya VVU yalipungua huko kwa takriban asilimia 40, kwa kuwa kidonda kisichotibiwa ni mlango. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliogawa dawa kwa watu wote kwa mkupuo, haukupata matokeo kama hayo, na wataalamu wamejadiliana sana kuhusu tofauti hiyo. Mimi nimebaki na la Mwanza: zahanati ya kawaida, dawa sahihi, mganga asiyemdhalilisha mtu.

Kijana alikwenda kupima siku ya tatu. Alikutwa nayo. Walichomwa sindano wote wawili, kwani mume asiyetibiwa humrudishia mkewe. Mtoto alizaliwa salama. Nilialikwa kwenye akika, nikakaa mbali na baba mdogo wa binti. Mzee yule hajui kwamba swali lake lilikuwa la haki, na siri si yangu nimweleze.

Kamati ilipokaa, nilipendekeza tuwashauri wachumba wote wapime kaswende, VVU na homa ya ini kabla ya tarehe kupangwa, si baada ya kadi kuchapwa. Mzee mmoja alitaka tulazimishe. Nikamweleza kuwa sheria ya VVU ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri ya mwenyewe. Kazi yetu ni kushauri, wala msikiti hauna haja ya kuyaona majibu. Mwingine akauliza, akitazama mkeka, kama hapo Mnazi Mmoja wanapima hata watu wazima waliokwisha kuoa. Hakuna aliyecheka.

Swali hilo lilinifuata nyumbani. Nina miaka tisa katika ndoa na sikuwa nimewahi kupima isipokuwa VVU, mke wangu alipokuwa mjamzito wa kwanza. Nilipomwambia, aliacha kukuna nazi.

"Baba Zuhura, kuna unachonificha?"

Nikamwambia hakuna, ila siwezi kuwashauri watu jambo ambalo mimi nalikwepa. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Tulikwenda Jumatatu asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wake aliketi muumini ninayesimama naye bega kwa bega kila Alfajiri. Tulisalimiana kwa kichwa, kila mmoja akarudi kwenye simu yake. Baada ya robo saa alisogea, akampisha mke wangu akae.