Elimu Huchukuliwa kwa Wenyewe



Ndugu wazazi, sisi walimu wa madrasa huwa tunaulizwa: kwa nini mtoto aketi mbele ya mwalimu, ilhali msahafu anao nyumbani na herufi anazijua? Leo tunajibu kwa kisa cha mmea.

Huko Australia kuna kangaga la majini liitwalo nardoo. Vijani vyake hukaa vinne vinne. Maji yakikauka, huacha vifuko vidogo vigumu vinavyodumu ardhini miaka mingi. Wenyeji wa sehemu kame walivikusanya, wakavisaga kwa mawe, wakatia maji, wakala uji wake au mikate iliyookwa kwenye majivu.

Mwaka 1860 msafara wa Wazungu ulitoka Melbourne kulivuka bara hilo. Walikuwamo hata Waislamu wenzetu, waongoza ngamia, mmoja wao Dost Mahomet. Mwaka 1861 viongozi wake, Robert O'Hara Burke na William Wills, pamoja na John King, waliishiwa chakula kwenye Cooper Creek. Wenyeji wa hapo, Wayandruwandha, waliwapa samaki na nardoo. Siku moja Burke akafyatua bunduki kuwatisha, nao wakajitenga.

Wageni wakabaki kujisagia wenyewe. Walikula, lakini kila siku walizidi kudhoofu, miguu ikawalegea. Nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wataalamu wanaona kwamba wenyeji, kwa namna walivyoiandaa kwa maji, walipunguza madhara hayo. Wageni waliuchukua mmea, utaratibu wake hawakuutimiza. Burke na Wills wakafa. King alikwenda kuishi na Wayandruwandha, wakamlisha kama mtu wao, naye akapatikana hai Septemba 1861.

Wazazi wetu, hivyo ndivyo ilivyo elimu. Mtoto anayejisomea peke yake huweza kusema "kalb" badala ya "qalb", moyo ukawa mbwa, na asijue. Karatasi haimsahihishi, ila sikio la mwalimu. Tena tusimdharau mwenye kujua kwa sababu ya nguo yake au kabila lake. Huenda ni bibi kizee wa jirani, naye ndiye aliyebaki na ujuzi tunaouhitaji. Tukimfukuza kwa kiburi, tutabaki na chakula kisicholisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atupe adabu mbele ya wenye nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.